Magonjwa ya kuambukiza darasani kwa michezo ya mtandaoni: mwongozo wa vipindi vinne

Mwanafunzi wa miaka 12 akiachiwa mchezo wa mlipuko wa ugonjwa kwa dakika 40, atatoka akijua jinsi ya kushinda mchezo. Kuhusu ugonjwa wenyewe atatoka na mawili matatu, na huenda mojawapo likawa la uongo. Mchezo hauna kosa. Mchezo wa aina hii ni kama hadubini: asiyeambiwa atafute nini ataona rangi tu. Kinachofundisha ni utabiri ulioandikwa kabla ya kucheza, kusimama katikati ya mchezo, na maswali makali baada yake.

Mwongozo huu ni wa vipindi vinne vya dakika 40, kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Katika kila kipindi gawa muda hivi: dakika 5 za kutabiri kwa maandishi, 15 za kucheza, 10 za kuandika na kuchora, 10 za mjadala. Zile 15 za kucheza usiziongeze hata darasa likisihi. Muda unapoibwa, huibwa kutoka kwenye mjadala, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo.

Maswali ya awali

Siku moja au mbili kabla ya kipindi cha kwanza, wape maswali haya matano wayajibu kwenye karatasi, bila alama:

1. Mtu asiye na dalili yoyote anaweza kuwaambukiza wengine?
2. Viuavijasumu, zile dawa ambazo wengi huziita antibayotiki, vinatibu mafua?
3. Je, kila ugonjwa unaoletwa na vimelea huambukizwa kutoka mtu hadi mtu?
4. Baridi inaleta mafua?
5. Shule ina watu 100, na 80 wamechanjwa dhidi ya ugonjwa fulani. Wale 20 waliobaki wako katika hali gani? Eleza.

Weka karatasi hizo, utazihitaji mwishoni. Zisome kabla ya kupanga vikundi, kwa sababu majibu yake hukuonyesha mahali pa kukaza. Katika swali la kwanza wengi hujibu hapana. Ukweli ni kwamba mgonjwa wa mafua makali ya influenza huanza kuambukiza takriban siku moja kabla ya dalili, na wa surua takriban siku nne kabla ya upele kutokea. Katika swali la tatu, mfano unaowashangaza ni pepopunda: bakteria wake huingia kupitia jeraha, na mgonjwa hamwambukizi anayemuuguza. Malaria nayo husababishwa na vimelea, lakini huhitaji mbu aina ya Anopheles avibebe kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Michezo mingi hulisahau jambo hili kabisa na kuyachukua magonjwa yote kana kwamba huenea kwa kukaribiana tu.

Kuchagua mchezo

Kwa upande wetu tunaigawa michezo hii katika makundi matatu. Kuna ya upelelezi, ambapo mwanafunzi anakusanya ushahidi na kutafuta chanzo cha mlipuko. Kuna modeli za kuiga, ambapo anabadilisha namba na kuona matokeo. Na kuna ya kibiashara, ambapo anashindana, mara nyingi akiwa yeye ndiye kimelea. Kundi la pili ndilo linalofundisha zaidi na ndilo linalovutia kidogo kwa macho. La tatu huvutia kuliko yote, kwa hiyo lije mwisho. Ukianza nalo, modeli zenye vidoti vya rangi zitaonekana kichekesho.

Mahali pazuri pa kuanzia kutafuta ni mradi wa e-Bug wa Uingereza, wenye michezo na mipango ya masomo ya bure kuhusu vimelea, usafi na viuavijasumu kwa wanafunzi wa shule, pamoja na maktaba ya modeli za NetLogo, programu aliyoianzisha Uri Wilensky mwaka 1999. Toleo lake la mtandaoni hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote na bila akaunti.

Uucheze mchezo mwenyewe hadi mwisho kabla ya kuupeleka darasani. Uangalie kama una chumba cha maongezi kinachowaruhusu watu wasiojulikana kuwaandikia watoto. Kama kipo, uache mchezo huo. Uangalie kama unadai akaunti na barua pepe, kwa sababu huduma nyingi huweka umri wa chini wa miaka 13, na huenda nusu ya darasa lako haijaufikia. Halafu uangalie kama unaweza kusimamishwa katikati. Mchezo usio na kitufe cha kusimamisha haufai kwa kazi hii, hata uwe mzuri namna gani.

Vifaa

Kompyuta moja kwa wanafunzi wawili ni bora kuliko moja kwa kila mmoja. Wakiwa wawili hubishana kwa sauti, na ubishi huo ndio unaokuonyesha wanachofikiri. Watatu, mmoja hugeuka mtazamaji. Wape kazi: mmoja anabofya, mwingine anaandika, na wanabadilishana kila baada ya dakika 5.

Fungua kurasa zote kwenye kila kifaa kabla darasa halijaingia. Kurasa 15 zikifunguliwa kwa wakati mmoja kwenye intaneti dhaifu hula dakika 10 za kipindi. Modeli ya NetLogo ikishapakiwa huendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika, ili mradi hakuna anayepakia upya ukurasa. Simu zinafaa kwa michezo ya upelelezi tu. Kwenye skrini ndogo vitelezi vya modeli, yaani vitufe vinavyoburutwa ili kubadilisha namba, havishikiki kwa kidole. Ukiwa na kompyuta moja na projekta, darasa zima likichagua namba kwa kura na kila mmoja akitabiri kwenye daftari lake, kipindi cha pili na cha tatu huenda vizuri kabisa.

Kipindi cha kwanza: kumsaka wa kwanza

Mchezo huu unautengeneza mwenyewe kwa lahajedwali (spreadsheet) la pamoja mtandaoni. Unafaa pia darasa linalosoma kwa mbali.

Tuseme wanafunzi ni 24. Andika mistari 24, namba 1 hadi 24, na safu tatu: raundi ya 1, ya 2, ya 3. Usiandike majina. Kila mwanafunzi mtumie ujumbe wa siri wenye namba yake na neno moja: "mzima" au "una kirusi". Mwenye kirusi awe mmoja tu.

Katika kila raundi kila mwanafunzi anachagua mwenzake mmoja, na kila mmoja anaandika namba ya mwenzake kwenye mstari wake. Mwenza harudiwi. Raundi moja isizidi dakika 3. Idadi ikiwa witiri, mmoja hukaa nje raundi moja na kuandika sifuri. Sheria ya kuambukiza ni kali: mwenye kirusi akikutana na mzima, mzima anaambukizwa, na hakuna anayejua.

Kabla ya raundi ya kwanza waandike utabiri: baada ya raundi tatu watakuwa wangapi? Wengi huandika 4, kwa sababu wanaongeza mmoja kila raundi. Kwa kweli kila aliyeambukizwa anaambukiza, kwa hiyo 1 anakuwa 2, 2 wanakuwa 4, 4 wanakuwa 8. Hawawezi kuzidi 8, na wakiwa pungufu maana yake wagonjwa wawili walikutana na raundi ile ikapotea kwa kirusi.

Ukiwa na jedwali lililojaa, fuata mnyororo kuanzia kwa yule uliyempa kirusi, kisha tangaza namba za walioambukizwa. Usimtaje aliyeanza. Sasa kazi ni yao. Waachie dakika mbili tatu za kuhangaika kabla ya kuwapa kanuni hii: kama mgonjwa fulani alikutana katika raundi ya 2 na mtu aliyebaki mzima hadi mwisho, basi hadi raundi ya 2 mgonjwa huyo alikuwa bado mzima. Kwa kanuni hiyo moja watawaondoa karibu wote.

Karibu wote, si wote. Watabaki wawili, na mara chache wanne. Wawili hao ni yule aliyeanza na mwenza wake wa raundi ya kwanza, na jedwali haliwezi kuwatofautisha hata likaangaliwe mwaka mzima. Wanafunzi watakudai jibu. Usiwape upesi. Waulize ni ushahidi gani ungekata shauri: tarehe ya dalili za kwanza, au sampuli iliyochukuliwa kabla ya raundi ya kwanza. Hapo toa "matokeo ya maabara" ya mshukiwa mmoja.

Muda ukitosha, rudia na sheria mpya: kukutana kunaambukiza nusu ya mara tu. Wewe ndiye unayerusha sarafu kwa kila mkutano wakati wa kufuata mnyororo. Kanuni yao nzuri ya kuondoa washukiwa sasa inavunjika, kwa sababu mzima anaweza kuwa alikutana na mgonjwa na akasalimika. Wataelewa bila kuambiwa kwa nini wafuatiliaji wa milipuko huhoji watu wengi kuliko inavyoonekana lazima.

Malizia kwa habari ya daktari John Snow, London, 1854. Alizichunguza nyumba zenye vifo vya kipindupindu, ushahidi ukaelekeza kwenye pampu ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu ukaondolewa; ramani yake maarufu aliichora baadaye. Hakuwahi kumwona bakteria mwenyewe. Chanzo kinaweza kupatikana kabla kimelea hakijajulikana.

Kipindi cha pili: modeli ya vidoti

Kwenye NetLogo ya mtandaoni, tafuta modeli iitwayo Virus, iliyo katika kundi la biolojia. Utaona watu wadogo wakizurura: kijani ni wazima wasio na kinga, wekundu ni wagonjwa, kijivu ni waliopona na wana kinga. Vitelezi vinne ndivyo vinavyotuhusu: idadi ya watu, uwezo wa kuambukiza, nafasi ya kupona, na muda wa ugonjwa kwa wiki. Kitufe cha "setup" huandaa, cha "go" huendesha na kikibofywa tena husimamisha. Andika maana ya kila kimoja ubaoni kwa Kiswahili kabla ya kuanza. Modeli ikifunguka huwa na watu 150, uwezo wa kuambukiza 65, nafasi ya kupona 75, muda wiki 20, na kila mara huanza na wagonjwa 10.

Punguza kasi kwanza kwa kitelezi cha juu. Ikienda kwa kasi yake ya kawaida macho hufuata grafu tu, na hakuna anayemwona mgonjwa mmoja akimgusa mzima mmoja.

Jaribio A: endesha mara tano bila kubadilisha kitu, simamisha kila mara ikifika wiki ya 100, na uandike asilimia ya walioambukizwa. Namba zitatofautiana, na mwanafunzi mmoja atasema kompyuta imeharibika. Jibu lake ni somo zima la bahati: nani amekutana na nani hupangwa upya kila mara. Tangu hapo, marufuku kutoa hitimisho kwa jaribio moja. Ukiliruka jaribio A, kila kitu kinachofuata kitakuwa ubishi wa "yangu ilitoka tofauti".

Jaribio B: shusha muda wa ugonjwa kutoka 20 hadi 5, mengine yabaki. Watabiri kwanza. Wengi husema wagonjwa watapungua kidogo. Kwa kawaida ugonjwa hutoweka kabisa, kwa sababu mgonjwa anapona au kufa kabla hajakutana na watu wa kutosha. Uliza: katika maisha ya kweli, ni hatua gani inafupisha muda wa mgonjwa kukutana na watu bila kufupisha ugonjwa wenyewe? Subiri. Kuna atakayesema kumtenga mgonjwa.

Jaribio C: rudisha muda kuwa 20, ongeza watu hadi 300, anza upya na "setup". Bila "setup" kitelezi cha watu hakibadilishi chochote, ilhali vitelezi vingine hufanya kazi papo hapo hata modeli ikiendelea. Kosa hili hutokea katika kila darasa: kikundi kinasogeza kitelezi cha watu, hakioni tofauti, kinaandika kwamba msongamano hauna athari.

Jaribio D ni la hiari: shusha nafasi ya kupona hadi 5. Wanafunzi hutarajia ugonjwa unaoua karibu kila mtu usambae zaidi. Waache waone jinsi idadi ya watu inavyoporomoka na ugonjwa kukosa wa kumrukia.

Kabla ya kengele, waambie wazi kwamba ugonjwa wa wiki 20 si mafua wala si surua. Modeli haina jina la ugonjwa. Ni mchoro wa jinsi kuambukizana kunavyokwenda. Mwanafunzi akiandika "tumejifunza kwamba mafua huchukua wiki 20", kosa ni la mwalimu aliyenyamaza.

Kipindi cha tatu: kutengeneza mlipuko kwa lahajedwali

Hapa mwanafunzi anaacha kuwa mchezaji na kuwa mtunga sheria. Wanafunzi wa miaka 11 wape jedwali lililokwisha kuandikwa fomula. Wa 13 na 14 waandike wenyewe.

Safu A ni siku, B ni wasioambukizwa bado, C ni wagonjwa, D ni waliopona. Mstari wa 2 ni siku ya 0: B2 andika 299, C2 andika 1, D2 andika 0. Kwenye F1 andika 0.6, yaani maambukizi ambayo mgonjwa mmoja huleta kwa siku iwapo kila anayekutana naye hana kinga. Kwenye F2 andika 0.2, yaani sehemu ya wagonjwa wanaopona kila siku, ambayo ni sawa na kuugua kwa wastani wa siku 5. Mstari wa 3:

B3: =B2-$F$1*B2*C2/300
C3: =C2+$F$1*B2*C2/300-$F$2*C2
D3: =D2+$F$2*C2

Buruta hadi mstari wa 102, ili upate siku 100, kisha chora grafu ya safu C. Alama za dola haziachwi. Zikiachwa, fomula ya mstari wa 4 itatafuta kiwango kwenye F2 badala ya F1, na namba zitakuwa za ajabu. Jedwali likikataa 0.6, andika 0,6: mipangilio ya baadhi ya nchi hutumia mkato badala ya nukta. Ukaguzi wa haraka ni huu: jumla ya B, C na D katika kila mstari lazima iwe 300. Isipokuwa 300, kuna fomula yenye kosa.

Ikikaa sawa, wagonjwa hufika kilele siku ya 18, karibu 98 kwa wakati mmoja. Atatokea mwanafunzi wa kuuliza mgonjwa 1.4 ni mtu wa namna gani. Swali zuri. Jibu ni kwamba jedwali hili huhesabu wastani, kama wastani wa familia unavyoweza kuwa na watoto wawili na nusu. Modeli ya jana ilihesabu mtu mmoja mmoja.

Sasa badilisha F1 iwe 0.3, kana kwamba watu wamepunguza kukutana kwa nusu. Kilele kinashuka hadi wagonjwa wapatao 20, na kinasogea hadi kama siku ya 45. Aliyeburuta fomula hadi mstari wa 30 tu ataona mstari unaopanda polepole na kudai kwamba ugonjwa unaendelea kukua bila mwisho, ndiyo maana tulisema siku 100. Waulize: kama hospitali ina vitanda 40 tu, ni grafu ipi inayowafaa? Nusu ya kukutana imepunguza kilele karibu mara tano, wala si mara mbili, na hilo halibahatishiki bila kulihesabu.

Halafu chanjo. Rudisha 0.6. Gawanya 0.6 kwa 0.2 upate 3: kila mgonjwa, kati ya watu wasio na kinga, anawaambukiza watatu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, mlipuko hauwezi kukua iwapo theluthi mbili ya watu wana kinga, kwa sababu kati ya watatu wale wawili wanagonga ukuta. Wajaribu: B2 iwe 99, C2 iwe 1, D2 iwe 200. Idadi ya wagonjwa haitapanda juu ya 1 hata siku moja. Wakiweka D2 150 na B2 149, mlipuko unarudi. Hii ndiyo kinga ya jamii, na sasa ina namba wanayoweza kuigusa: 1 toa (1 gawa kwa 3).

Waambie kwamba surua hukadiriwa kuwa kati ya 12 na 18 badala ya 3, kisha waache wahesabu wenyewe. Watapata asilimia 92 hadi 94. Wale walioandika kwenye swali la tano kwamba 80 kati ya 100 "ni wengi, wote wako salama" watajisahihisha bila wewe kusema neno. Ongeza kwamba virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Namba kubwa ile haikutoka hewani, au tuseme imetoka hewani kabisa.

Kipindi cha nne: kuusuta mchezo

Sasa unaweza kuleta mchezo wa kibiashara. Plague Inc., uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Ndemic Creations, ndio unaojulikana zaidi: mchezaji ni kimelea na lengo ni kuwamaliza binadamu. Lipo pia toleo la mwaka 2020 ambamo mchezaji anauzuia mlipuko, na kwa rika hili ni bora uanze na hilo. Ukitumia lile la asili, cheza wewe kwenye projekta huku wao wakiandika.

Kazi yao ni moja: kutafuta uongo. Kila kikundi kilete angalau mambo matatu ambayo mchezo unayafanya na ugonjwa wa kweli haufanyi, kwa ushahidi wa vipindi vitatu vilivyopita. Mkubwa kuliko yote ni huu: katika mchezo unanunua dalili mpya, na wagonjwa wote duniani wanaipata kwa mkupuo. Mabadiliko ya kweli ya kimelea hutokea kwa nasibu ndani ya mgonjwa mmoja, na yanasambaa tu yakimsaidia kimelea kuenea. Kimelea hakipangi wala hakikusudii kitu. Wanafunzi wakitoka wakiamini kwamba virusi "huamua" kubadilika, utakuwa umewafundisha kinyume cha mageuzi, na mwalimu wao wa biolojia atahangaika nao miaka miwili.

Uongo mwingine wataupata wenyewe: tiba inayopatikana kwa kujaza mstari wa asilimia na kuponya dunia upesi, chanjo na dawa kuchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 2020, watu walipoukimbilia mchezo huu kutafuta habari za korona, watengenezaji wenyewe waliwakumbusha kwamba ni mchezo na si modeli ya kisayansi. Lisome hilo darasani baada ya kazi, si kabla.

Kisha pindua shilingi. Septemba 2005, ndani ya mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft, laana ya zimwi moja iliyokusudiwa kubaki kwenye eneo lake ilitoka nje kupitia wanyama wa wachezaji, ikaenea mijini na kuua wahusika dhaifu kwa wingi. Wahusika wanaoendeshwa na kompyuta waliibeba bila kufa. Baadhi ya wachezaji walikimbia miji, wengine walijitolea kuponya, wengine waliieneza makusudi, na waliotakiwa kukaa karantini wengi walikaidi. Ilibidi kampuni irekebishe mchezo. Wanasayansi Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu tukio hilo katika jarida la The Lancet Infectious Diseases mwaka 2007, kwa sababu watu walikuwa wameonyesha tabia ambayo modeli za vidoti hazina. Uliza: vidoti vya kipindi cha pili vingefanya nini kama vingeogopa? Hapo ndipo vikundi vilivyonyamaza wiki nzima huanza kusema.

Yanayoharibu zaidi ya mtandao

Usimpe mwanafunzi halisi jina la mgonjwa wa kwanza, wala usiache darasa limwite hivyo baada ya kipindi cha kwanza. Tumia namba, na ukitaka mchezo wa pili badilisha namba. Utani wa "huyo ndiye mwenye kirusi" huanza kama mzaha na kumfuata mtoto hadi kwenye viwanja.

Katika darasa lolote kubwa huenda kuna aliyepoteza mtu kwa ugonjwa wa kuambukiza. Waambie siku moja kabla kwamba mchezo una vifo, na anayetaka kuwa mwandishi badala ya mchezaji aseme kwako faraghani. Usiulize sababu. Usichague pia, kwa ajili ya mfano, ugonjwa ambao unajua uko ndani ya familia ya mmoja wao.

Usitoe zawadi kwa aliyeua wengi au kumaliza haraka. Toa alama kwa utabiri uliokosewa ukaelezwa vizuri: mwanafunzi aliyeandika 4, akapata 8, akaeleza kwa nini, amefanya kazi kubwa kuliko aliyebahatisha 8.

Kupima

Wiki moja baadaye, si siku ileile, warudishie maswali matano ya mwanzo kwenye karatasi mpya, kisha wape karatasi zao za zamani waandike pembeni kilichowabadilisha mawazo. Ongeza swali moja ambalo hawajaliona: jedwali la mchezo wa kwanza lenye raundi tatu, watu 8 na wagonjwa wanne, wamtafute aliyeanza. Liandae wewe mwenyewe ili washukiwa wabaki wawili. Atakayeandika namba moja kwa uhakika bado hajaelewa. Atakayeandika namba mbili na kusema ni kipimo gani angeomba, mpe alama zote.

Swali la pili, la viuavijasumu, ndilo linaloweza kurudi bila kubadilika. Hakuna hata mchezo mmoja kati ya hii minne unaoonyesha kwa nini dawa inayoharibu ukuta wa seli ya bakteria haina cha kuharibu kwenye kirusi, ambacho hakina seli. Kwa hilo chukua ubao na chaki, dakika kumi, michoro miwili.